Sungura nimuuzie nani: jiko la baa, mchuuzi, mfugaji mwenzangu au "kampuni"?

Sungura jike hubeba mimba siku 31 hivi. Watoto wake wakila vizuri hufika kilo mbili hadi mbili na nusu wakiwa na miezi mitatu na kidogo. Kwa sisi tunaofugia Mbeya, kuwafikisha hapo si kazi ya kutisha, maana sungura anavumilia baridi kuliko joto, na baridi huku tunayo ya kugawa. Kazi inaanza siku umempima, umeridhika, na simu haijaita.

Asiyenunuliwa hakai bure. Sungura wa umri huo anakula gramu 100 hadi 150 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme 120. Ukiwa na sungura 20 wanaosubiri mteja mwezi mzima, wamekula kilo 72, karibu gunia moja na nusu la kilo 50, na hawajanenepa kwa kasi ile ya mwanzo. Msimu wa mvua unaweza kuwashikiza kwa majani (uyanyaushe kwanza, majani mabichi yenye maji yanawajaza tumbo gesi). Lakini kuanzia Julai hadi Oktoba majani yanakauka, na kila siku ya kusubiri inatoka mfukoni. Kwa hiyo ninapolinganisha wanunuzi, bei ni swali la pili. La kwanza: huyu anachukua wangapi, na atarudi lini?

Kabla ya hapo jihesabu mwenyewe. Mimi nina majike wanane. Kila mmoja akizaa mara nne kwa mwaka na wanaofika sokoni wakawa watano kwa kila uzao, napata 160, yaani watatu kwa wiki. Mwenye majike watano anapata wawili. Namba hiyo ikae kichwani kila unaposikia mtu anakwambia "tafuta hoteli kubwa". Hoteli kubwa ikitaka ishirini kila Jumamosi utawatoa wapi? Utapeleka wiki ya kwanza, ya pili utaanza kuomba radhi, ya tatu hawapokei simu yako.

Jiko la baa na mchuuzi wa sokoni

Hawa wawili ndio karibu kila mfugaji mdogo huanza nao, na wanatofautiana sana.

Mchuuzi utamkuta upande wa kuku, iwe Mwanjelwa, iwe Uyole. Anataka sungura hai, analipa taslimu papo hapo, na akikupenda anabeba tenga zima. Hakuulizi kuhusu nyama wala ukaguzi. Ubaya wake ni kwamba ananunua kwa kichwa na kwa jicho. Aliyelishwa vizuri wa kilo tatu na kile kijana cha kilo mbili kwake ni "sungura", bei moja. Ukimtolea mizani ya kuning'iniza anacheka. Sasa ukishajua hilo, huumii: mpelekee jike aliyeacha kuzaa vizuri, na wale wepesi waliobaki nyuma ya wenzao. Wazito usimpelekee.

Jiko la baa ni kinyume. Linataka wachache, linataka nyama, linalipa kwa kilo, na linaweza kukuchukua mwaka mzima. Lakini jiko lazima ulifundishe. Nilipoanza nilimpelekea mama mmoja mwenye jiko la nyama choma maeneo ya Soweto hapa hapa Mbeya sungura mmoja wa bure, aonje yeye na wateja wake. Nikarudi kesho yake nimejaa matumaini.

"Shikamoo mama. Wameionaje?"

"Marahaba. Mwanangu, wameniuliza kama nimewachomea soli ya kiatu."

"Mliichomaje?"

"Kama mbuzi. Kwani inachomwaje?"

Ndipo palipokuwa na tatizo. Mbuzi ana mafuta yanayodondokea mkaani na kuilainisha nyama yenyewe. Sungura hana. Ukimweka kwenye moto mkali dakika arobaini anabaki ubao. Wiki iliyofuata nikampelekea mwingine, safari hii nikavua koti nikaingia jikoni. Tukamkata vipande, tukamloweka usiku kucha kwa limao, tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi. Asubuhi tukambandika kwenye sufuria yenye mfuniko aive kwa maji yake mwenyewe, kisha mkaani dakika chache tu, tukimpaka mafuta kwa brashi. Vingine tukavitia kwenye rosti ya nyanya. Kufika saa mbili usiku sahani zimeisha, na fundi wa kompyuta aliyekuwa kaunta anauliza kama kuna mguu umebaki. Tangu hapo jiko lile linachukua wawili kila Ijumaa. Wawili tu! Lakini kila Ijumaa.

Jambo la pili kuhusu jiko ni paka. Tusizunguke: sungura aliyechunwa, bila kichwa wala miguu, anafanana na paka, na walaji wetu wanajua. Hakuna mteja anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, sembuse paka. Mimi huacha mguu mmoja wa nyuma na manyoya yake hadi kwenye kifundo. Mpishi anaukata mwenyewe mbele ya anayetaka kuona. Kakitu kadogo, lakini kamenimalizia maswali.

Halafu swali la bei, ambalo watu hulikosea. Sungura wa kilo mbili na nusu akichinjwa na kusafishwa hutoa nyama nusu ya uzito wake au zaidi kidogo, tuseme kilo 1.3. Chukua namba za kufanyia hesabu tu, weka za mtaani kwako mwenyewe: jiko likikupa shilingi 12,000 kwa kilo, umepata 15,600. Mtu akija bandani akakupa 14,000 kwa sungura hai, tofauti ni 1,600. Ndani ya hiyo 1,600 kuna muda wa kuchinja na kuchuna, maji ya moto, mfuko, na bodaboda ya kwenda na kurudi. Mara nyingi 14,000 ya mlangoni ndiyo kubwa. Bei ya jiko inalipa pale tu unapopeleka wawili au watatu kwa safari moja, na jiko liko njiani unakopita kwa shughuli zako.

Bucha na supamaketi sitazichambua sana. Nyama ya kuuzwa kwa umma hutakiwa kukaguliwa, kwa hiyo hata kwa jiko uzungumze na afisa mifugo wa kata mapema ujue utaratibu wa hapo ulipo. Ila bucha itakudai pia friji, vifungashio na mzigo usiokatika. Kwa majike wanane, hapana. Wakiungana wafugaji watano au sita wakapanga zamu, inawezekana, na hapo ndipo hata ile hoteli inaanza kuwa mazungumzo ya kweli.

Majirani

Bei yao ni nzuri na usafiri hakuna. Tatizo ni mkopo ("nitakupa mwisho wa mwezi jirani") na ni kwamba familia inakula sungura mara moja kwa miezi miwili, kwa sherehe au kwa hamu. Uwe nao wengi.

Ujue pia imani zao kabla hujaenda kubisha hodi. Mbeya ina Wasabato wengi, na wao hawali sungura. Mambo ya Walawi sura ya 11 inamtaja kwa jina kati ya wanyama najisi. Kumtangazia Msabato nyama hii ni kumkwaza bure. Waislamu wa Kisunni wanamla akichinjwa kwa utaratibu, wa Shia Ithnaasheri hawamli. Mimi sungura wa Ijumaa namwomba jirani yangu Mwislamu anichinjie, namwachia cha mkono, na jiko linaweza kumuuzia yeyote bila wasiwasi. Hili halinigharimu kitu cha maana na limenifungulia wateja ambao wafugaji wenzangu wanaochinja wenyewe hawawapati.

Mbegu: pesa nzuri, soko fupi

Mfugaji anayeanza analipa sungura wa mbegu bei ambayo jiko haliwezi hata kuiota, na anamchukua mdogo, wa wiki nane hadi kumi na mbili. Umeokoa mwezi mzima wa chakula. Kwa karatasi, mbegu inashinda kila kitu.

Nje ya karatasi, kila unayemuuzia mbegu ni mshindani wako baada ya miezi sita. Mtaa una watu wangapi wanaotaka kuanza kufuga? Niliuza vizuri mwaka wa kwanza, nikauza kiasi mwaka wa pili, na wa tatu wateja wangu wa zamani walikuwa wanatangaza kwenye kundi lile lile la WhatsApp, kwa bei ya chini yangu. Mbegu ni kama harusi, haifanyiki kila wiki.

Tena mbegu ina lawama. Nyama ikishaliwa imekwisha. Mbegu inakupigia simu. Niliwahi kumuuzia kijana wa Mbalizi jozi, dume na jike, nikampa na maelekezo. Baada ya miezi minne: "Mzee, hawa mbona wanapigana tu?" Nikaenda. Madume wawili. Niliwaangalia wakiwa wadogo mno, jioni, kwa tochi ya simu. Nikamrudishia jike kwa gharama zangu, na tangu siku hiyo siuzi mbegu kabla ya wiki ya nane, na huwaangalia mara mbili kwa siku mbili tofauti, mchana, mnunuzi akiwepo.

Anayetaka njia hii aanze na daftari. Kila jike na namba yake, tarehe ya kupandishwa, dume aliyempanda, idadi waliozaliwa, idadi waliofika kuachishwa kunyonya. Mnunuzi anayejua atakuuliza kama jozi ni ndugu wa tumbo moja. Ukijibu "hapana" uwe na ukurasa wa kumwonyesha. Na ukisema ni aina ya New Zealand White au California, wawe hivyo kweli. California, yule mweupe mwenye masikio, pua na miguu myeusi, kila mtu anamtambua, lakini mweupe mtupu wa mtaani si lazima awe New Zealand.

Mahali pazuri pa kupata wateja wa mbegu kwa ukanda wetu ni maonesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Wiki ile ya mwanzo wa Agosti watu wanatoka Songwe, Njombe, Rukwa, wakiwa na hamu ya kuanza kitu. Nenda na sungura watatu wasafi kwenye kizimba kimoja kizuri na picha za banda kwenye simu. Usiende na kumi. Umati na kelele vinawachosha, na anayetaka atakufuata nyumbani.

"Kampuni" inayoahidi kununua wote

Hapa nitasema nilivyo. Anakuja mtu, au tangazo, au semina ya ukumbini yenye soda. Anakuuzia majike kumi na madume wawili kwa bei mara kadhaa ya ile ya mtaani, pamoja na vizimba vyake na mafunzo yake, halafu anakuahidi kununua kila mtoto atakayezaliwa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukilinganisha na mama wa Soweto na wawili wake wa Ijumaa, huyu anaonekana mkombozi.

Wanaokumbuka mayai ya kware ya mwaka 2013 na 2014, watu walivyokimbilia kufuga kisha soko likayeyuka, hawahitaji maelezo mengi. Kwa wengine, nina swali moja ninalouliza kabla ya yote: mnanunua sungura wa mtu ambaye hakununua mbegu kwenu? Mwenye soko la kweli la nyama anatafuta nyama. Akikujibu kwamba ananunua kwa "wanachama" pekee, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba biashara yake ni mbegu, na wewe ndiye soko. Swali la pili: nipelekeni mnakochinjia. Si ofisini, machinjioni. La tatu, nani anakula? Nitajie jiko nikaonje.

Nimewahi kupata majibu mazuri kwa mawili ya kwanza, sijawahi kwa yote matatu. Sisemi kila mkataba ni mtego. Mnunuzi mwenye machinjio, gari la baridi na wateja wanaoonekana angetufaa sana huku, na mkataba wake ningesaini. Lakini usichukue mkopo wa kununua mbegu zake, na usiache jiko lako la Ijumaa kwa ajili yake.

Dar au Iringa?

Kila mfugaji wa Mbeya anaota Dar es Salaam. Watu wengi, mahoteli, bei ya juu. Ni kilomita zaidi ya 800, na tatizo kubwa si nauli.

Mwaka wangu wa pili nilipata oda ya sungura tisa wa mbegu. Nilishughulikia kibali cha kusafirisha, nikawapanga kwenye boksi la mbao, na kwa kuwa asubuhi ile ya Julai Mbeya ilikuwa inauma, nikawafunika gunia. Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Saa nane mchana linateremka mlima wa Kitonga, na kuanzia Ruaha Mbuyuni ni joto hadi Morogoro. Sungura hatoi jasho. Anapoza mwili kwa masikio na kwa kuhema, na ukipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Chini ya basi, ndani ya boksi, chini ya gunia. Walifika watano. Mteja alikuwa muungwana, alilipia hao watano na hakusema neno baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kosa lilikuwa langu.

Hata wakifika salama, dume aliyezoea baridi ya huku akipigwa na joto la pwani anaweza kukaa wiki kadhaa akipanda bila jike kushika mimba, na lawama itapanda basi kurudi kwako. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023 unaweza kukwepa jua la njiani. Hilo ni nafuu kubwa. Mimi bado, kwa idadi yangu, nasema Dar si yangu.

Iringa ni jambo jingine. Hali ya hewa inafanana na yetu, barabara ni ile ile, na siku nyingine hata huhitaji kufika. Wateja wangu wawili wa mbegu, mmoja wa Kihesa, Iringa, na mwingine wa Njombe mjini, tunakutana Makambako pale barabara zinapoachana. Wa Iringa ananiambia "kamwene", namjibu kwa "ndaga" yangu ya Kinyakyusa, boksi linahama mkono, pesa inaingia kwenye simu, kila mtu anageuza. Kwa nyama sifanyi hivyo; nauli ingekula yote. Kwa jozi ya mbegu inalipa.

Kilicho chini ya kizimba

Samadi ya sungura unaweza kuitia shambani bila kusubiri ioze, haiunguzi miche kama ya kuku. Wakulima wa mboga wa Uyole wanaichukua kwa gunia na wanarudi wenyewe. Mkojo nao unauzika kwa wanaotaka kupulizia bustani, ila zile bei za lita unazosikia kwenye semina za soda zisikupandishe presha. Kwangu samadi inalipia pumba. Sijawahi kuidai zaidi ya hapo.

Ningekuwa mgeni

Ningekuwa na majike watatu leo, nisingetafuta jiko kabisa. Ningeuza kwa majirani wanaokula, wakiwa hai, mlangoni, na jozi moja moja ya mbegu ikijitokeza. Kuanzia majike sita, jiko moja la karibu, lenye mpishi anayekubali kujifunza, kabla ya mnunuzi mwingine yeyote. Mbegu ije juu yake kama ziada, na mchuuzi awe mlango wa nyuma wa wazee na wepesi. Ukifika ishirini, usiongeze jike wa ishirini na moja. Tafuta kwanza jiko la pili.

Na upandishe kwa kuhesabu kurudi nyuma. Krismasi ndiyo wiki pekee ambayo mama wa Soweto ananiambia "lete hata kumi". Siku 31 za mimba na siku 100 za kukua ni siku 131. Ukitaka wawe tayari tarehe 22 Desemba, majike wapelekwe kwa dume tarehe 13 Agosti, siku tano baada ya Nane Nane kufungwa, wakati wengi wetu bado tunahesabu nauli za maonesho. Mwaka juzi nilikumbuka Septemba katikati. Nikamfikishia mama sungura wa kilo moja na nusu, akawainua mmoja mmoja, akawarudisha kwenye boksi bila kusema kitu, akaniletea chai.

Mwaka huu nimeiandika kwa chaki mlangoni mwa banda: 13/8, majike wanne.